Wanataka niandike upya ukurasa wa kadeksi. Nifanye nini?

Sista_wa_Zamu aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na moja sasa, na tangu Januari ndimi inchaji wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Mombasa kisiwani. Jina la hospitali sitalitaja, na msinifuate inboksi kuniuliza.

Jumatatu usiku tulikuwa na bibi wa miaka 72, ana kisukari, aliingia na kidonda cha mguu. Saa mbili sukari yake ilikuwa 14. Daktari wa zamu akaandika insulini ya haraka, "4u", kwa ule mwandiko wa madaktari mnaoujua. Ile u ilifungika juu ikawa duara. Nesi wangu akasoma 40. Akavuta, akachoma. Kabla ya saa tano msaidizi alipita na tochi akamkuta bibi ametota jasho, maneno yake hayashikani. Sukari 1.7. Wakampa dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 50 kwenye mshipa, kisha dripu ya asilimia 10 mpaka alfajiri, wakimpima kila mara. Alhamdulillahi, aliamka. Sasa anazungumza, anakula, anawataja wajukuu wote kwa majina.

Nesi aliandika kila kitu kwenye kadeksi, yaani kumbukumbu za wauguzi kuhusu mgonjwa, usiku ule ule. Nimempa yuniti 40 badala ya 4, saa fulani, saini yake. Hakupunguza neno.

Asubuhi msimamizi wa hospitali akaniita. Hakupayuka, laiti angepayuka. Alifunga mlango, akaniagizia chai, akasema ukurasa ule utolewe na uandikwe mwingine: sukari ilishuka kwa sababu mgonjwa hakula chakula cha usiku. Niusaini mimi. Na nesi aachishwe kimyakimya mwisho wa mwezi.

Chakula alikula. Jioni ile nilipokuwa natoka nilimwacha na bakuli la uji wa mtama mapajani, akimlalamikia mwanawe kwamba haukutiwa sukari.

Linaloninyima usingizi hasa ni hili. Alhamisi asubuhi mwanawe alituletea mahamri ya moto na mbaazi, boksi zima, kutushukuru kwa kumwokoa mamake. Wenzangu wakala. Mimi nikadanganya nimefunga sunna. Na siku hiyo hiyo karani wa bili akamwongezea siku mbili za kitanda, dekstrosi, na stripu 22 za kupimia sukari: Sh17,400. Yaani tumemdhuru mama, tukamtibu madhara tuliyomtia sisi wenyewe, tukampelekea mwanawe bili. Naye akashukuru.

Na nina langu pia. Zamu zile nilizipanga mimi. Mwezi wa tatu tuliambiwa tupunguze nesi mmoja usiku ili kubana matumizi. Nililalamika kwa mdomo, barua sikuandika, nikatia saini. Usiku ule binti wa watu alikuwa peke yake na msaidizi mmoja kwa wagonjwa 19.

Nina watoto wawili na karo ya muhula haijalipwa. Methali ya mficha maradhi naijua, msinipe. Nipeni la kufanya.

Bi_Mkubwa_wa_Tudor:

Mwanangu, mimi nimestaafu, nilikuwa matroni. Karatasi ile usiiguse hata kwa ncha ya ukucha.

Sikwambii kwa ajili ya dini, dini unayo. Nakwambia kwa kuwa kadeksi ile imeshasomwa. Daktari ameiona, zamu ya asubuhi imepokezwa ripoti kutoka humo, na chupa za dekstrosi zimeandikwa kwenye daftari la stoo. Ukiubadilisha ukurasa mmoja, kurasa nyingine zote zitakusuta. Kosa la dawa Baraza la Wauguzi laweza kukaa likalisikiliza. Kughushi rekodi ni jambo jingine kabisa, na hapo jina litakuwa lako, si la yule aliyekuagizia chai.

Kama una la kuongeza, shuka mstari ulio wazi, andika kwamba ni nyongeza, tia tarehe na saa ya leo, si ya Jumatatu, kisha saini. Maneno ya mtu hayafutwi. Yakikosewa hupigwa mstari mmoja tu, yabaki yakisomeka.

Halafu mwite yule mwana, umkalishe chumbani, si koridoni. Mwambie lililotokea kwa Kiswahili cha nyumbani. Usimwambie "kulitokea changamoto". Mwambie tulimpa dawa mara kumi ya ile iliyoandikwa, pole sana, na haya ndiyo tunayofanya. Mwaka 1987 nilimpa mtoto dawa ya mtoto wa kitanda cha pili. Nilimwambia mamake saa ile ile. Alinizaba kofi, nami nikalipokea. Mtoto hakudhurika, lakini mkono wa yule mama naukumbuka mpaka leo.

Msimamizi_Nyali:

Mnamshauri dada wa watu apoteze kazi kisha mkalale.

Kughushi hapana, hapo nakubaliana na Bi Mkubwa. Lakini hili la kukimbilia kwa familia lina utaratibu wake. Nimesimamia hospitali ndogo miaka sita. Bima ya madai ya kitaalamu, ile inayoikinga hospitali ikishtakiwa kwa makosa ya kazi, huwa na sharti: watu wa bima wajulishwe kwanza, na usikiri dhima kabla hawajaongea. Ukikiri, wanaweza kukataa kulipa, na hospitali ya vitanda arubaini haiwezi kusimama kesi moja. Ikifungwa, wale wagonjwa 19 watalazwa wapi? Hospitali za umma nazo zimejaa.

Hilo la nesi mmoja usiku pia msilitazame kama uchoyo mtupu. Malipo ya bima za wagonjwa yanachelewa miezi, mishahara haichelewi. Dada, andika ripoti ya tukio, mpe msimamizi wako nakala, weka yako, kisha mwache mwenye hospitali abebe mzigo wake.

Sista_wa_Zamu:

Kaka wa Nyali, ahsante, la bima sikulijua. Lakini tufafanulie: sharti hilo linakataza kumwambia mtu alipewa yuniti 40? Na bili je? Hiyo imeshachapishwa, iko mkononi mwake.

Msimamizi_Nyali:

Kumweleza lililotokea si sawa na kukubali kulipa fidia. Ukweli mweleze, ya fidia waachie wao. Bili… bili ni aibu, sina la kuitetea. Ningeifuta siku ile ile.

Mfamasia_Kisauni:

Naona mnazungumza habari za nesi na msimamizi, yule "u" ametoka salama.

Kuisoma u kama sifuri ni kosa la zamani, linajulikana dunia nzima, ndiyo maana tunafundishwa kuandika neno zima, yuniti. Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa mwaka 2017, na insulini iko katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa macho manne: mmoja avute, mwingine ahakiki kabla haijachomwa. Sasa nesi aliye peke yake atayatoa wapi macho manne? Msaidizi haruhusiwi kuhakiki. Kwa hiyo siku mliyomtoa nesi wa pili, mliutoa na ukaguzi wa insulini, ila kwenye karatasi ya kubana matumizi hilo halikuandikwa.

Mnakumbuka mwaka 2018 kule Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipopasuliwa kichwa kumbe si yeye? Lebo za majina zilichanganyika. Jambo la kwanza lililofanyika ni kusimamisha watu kazi, daktari na manesi, na madaktari wenzake wakagoma kwa sababu lebo hakuibandika yeye. Ukimfukuza huyo binti, nesi atakayekuja ataikuta u ile ile, usiku ule ule, wagonjwa 19. Tena huyo mnaye sasa hatarudia kosa hilo maishani mwake, na ndiye mnataka kumtoa.

Ripoti pia kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Wanapokea makosa ya utoaji dawa, si madhara ya dawa peke yake.

Abiria_wa_Feri:

Mimi si mtu wa afya, niko bandarini Kilindini. Kwetu kontena likiponyoka hata lisimguse mtu, krini inasimama na ripoti inaandikwa. Ninyi mtu kazimia, mwaandika hakula uji?

Nilimuuguza mamangu miezi minne, kila siku navuka Likoni na flaski ya supu. Ningeambiwa kosa kama hili ningepiga kelele, sikatai. Lakini nisipoambiwa je? Sheria ya Afya ya 2017 yanipa haki ya kulalamika nilivyotendewa hospitalini na lalamiko lichunguzwe. Nitalalamikia vipi jambo nililoliletea mahamri?

Sista_wa_Zamu:

Narudi, leo ni siku ya tisa. Sikuandika ukurasa mwingine. Niliandika ripoti ya tukio kurasa mbili, na ya pili yote ni habari za zamu, pamoja na saini yangu ya mwezi wa tatu. Nakala moja kwa msimamizi, moja kwa daktari mkuu, moja iko kwa dadangu Changamwe.

Daktari mkuu ndiye aliyenishangaza. Alisoma akiwa amesimama, akauliza "nani aliandika hii u?", kisha akanyamaza, kwa kuwa mwandiko alikuwa anaujua. Alikwenda nami kwa familia. Mwana alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na zile elfu kumi na saba?" Zimeondolewa. Akatoka nje akakaa kwenye pikipiki yake muda mrefu bila kuiwasha. Kama atashtaki hajasema, na sisi hatukumuuliza.

Bibi mwenyewe alitaka kuambiwa pia, akatufukuzia wajukuu nje kwanza. Nilipomaliza alisema, "Nilimsikia yule mtoto akilia usiku. Nikadhani amefiwa." Akaniuliza kama bado yuko kazini. Nikamwambia yuko, zamu ya mchana kwa sasa.

Yangu mimi sijui. Nimepewa barua ya kujieleza, natakiwa kujibu kufikia Jumanne saa sita. Usiku bado ni nesi mmoja. Kaka wa Nyali, kama una mfano wa barua ya namna hiyo, nitumie.