Neno "get" linanichanganya kazini, naomba ushauri

Binti_wa_Kusini:
Assalaam alaykum wanajamvi. Nafanya kazi mapokezi, kwenye nyumba ya wageni huku Paje, Unguja. Kiingereza cha skuli ninacho, na barua pepe za wageni nazijibu mwenyewe bila taabu. Kinachonitesa ni neno moja tu, "get". Skuli tulifundishwa kuwa ni "kupata", basi. Huku kazini nalisikia kutwa, na mara nyingi hiyo "kupata" haiingii kabisa.

Nikupeni mifano. Mgeni kaamka saa nne, ananambia "We got in late". Mwengine anataka "Could you get us a taxi?" Mama mmoja anapiga chafya, anasema "I think I'm getting a cold". Wamemaliza kula, bwana mmoja kamwambia mwenzake "I'll get this", akatoa pochi. Na jana kuna aliyeniuliza "Where can I get my clothes washed?"

Nikifungua kamusi, maana zake zinajaa kurasa. Kuzihifadhi zote siwezi, na mgeni hawezi kunisubiri nipekue. Kuna nafasi ya msimamizi wa mapokezi inatangazwa karibuni na naitaka kwa moyo wote. Neno hili nilisome vipi?

Dereva_wa_Ngorongoro:
Dada, umeuliza kwa niaba ya wengi. Sisi tunaozungusha wageni mbugani tunakutana nalo kila siku. Nakaa hapa nisubiri wanaojua.

Mwalimu_wa_Jioni:
Dada yangu, usihangaike na orodha ya maana. Zoea kusikiliza kinachokuja baada ya "get", kwa sababu hicho ndicho kinachokwambia maana ni ipi.

Kikija kitu, kama taksi, maji au taulo, basi ni kupata, kuchukua au kuleta. Mgeni akisema "get us a taxi" anaomba umtafutie. Ukiona kuna mtu na kitu, yaani "get" halafu "us" halafu "a taxi", jua unatumwa.

Ikija sifa, maana ni kuingia kwenye hali hiyo. "Get tired" ni kuchoka, "get hungry" ni kushikwa na njaa, "it's getting dark" ni giza linaingia. Sisi kwa kawaida tuna kitenzi chake kwa kila hali: tunalowa, tunakasirika, tunalewa. Mwingereza anachukua "get" na kuweka sifa mbele yake: "get wet", "get angry", "get drunk". Ukilishika hili umemaliza sehemu kubwa ya mazungumzo ya kila siku.

Pakija mahali, ni kufika. "How do we get to Stone Town?" ni tunafikaje Mji Mkongwe. "Get back" ni kurudi. Na "got in late" ya mgeni wako ni walifika usiku sana, kwa hiyo huenda anaomba kifungua kinywa ingawa muda umepita. Mjibu hilo.

Sasa hii ya nguo ndiyo napenda uikalie, maana mapokezi utaisikia sana. "Get my clothes washed": kuna "get", kuna kitu, kisha kitenzi cha jambo lililokwisha kufanywa. Muundo huu unasema kazi ifanyike, na mara nyingi anayeifanya ni mtu mwingine. Yeye hakuulizi karo liko wapi, anataka dobi. Vivyo hivyo "Can you get the fan fixed?" Hategemei upande ngazi mwenyewe, anataka feni itengenezwe, na wewe ndiye wa kumwita fundi. Ukitaka kumtaja huyo fundi, inaingia "to": "I'll get the electrician to look at it", yaani nitamwambia fundi umeme aje aitazame. Jizoeze kuitamka sentensi hiyo hadi ikutoke bila kufikiri. Kwenye usaili wa usimamizi itakubeba, kwa sababu msimamizi kazi yake ni kuhakikisha mambo yanafanyika.

"I'll get this" mezani ni "acha nilipe mimi". Simu ikilia au mlango ukigongwa, "I'll get it" ni naipokea mimi, au naenda kufungua mimi.

Kijana_wa_Likoni:
Mwalimu amemaliza, naongeza tahadhari moja tu. "Kupata" yetu nayo ina mambo mengi, na sisi huibeba nzima nzima tukaipeleka kwenye Kiingereza. Tunasema nimepata ajali, ndiposa utasikia watu hapa Mombasa wakisema "I got an accident". Mzungu husema "I had an accident". Amepata mtoto ni "she had a baby". Kwenye simu tunaulizana "unanipata?", na wengi husema "Are you getting me?" Kama shida ni sauti, uliza "Can you hear me?" Kama ni kuelewa, "Do you get what I mean?" iko sawa. Na kisu kisichopata, hapo "get" haihusiki kabisa. Kisu ni butu, "blunt".

Homa inakubali, lakini: "get a cold", "get malaria". Huyo mama wa chafya alikuwa anahisi mafua yanamjia.

Mswahili_Minnesota:
Dada, wageni wako wakiwa Wamarekani utasikia pia "gotten". Usidhani ni kosa. Ni umbo la zamani ambalo walowezi wa karne ya 17 walikwenda nalo Marekani likabaki, huku Uingereza likififia. Kwa Mmarekani "I've gotten a room" ni amepata chumba, hapo awali hakuwa nacho. "I've got a room" ni anacho tu.

Hiyo "got" ya kumiliki angalia isikupoteze. "I've got a headache" ni kichwa kinamuuma sasa hivi, hazungumzii jana. Wengi hulimeza "have" wakisema haraka, unasikia "I got a question". Ana swali, mpe nafasi aulize.

Binti_wa_Kusini:
Nakushukuruni sana, Mungu akulipeni kheri. Hiyo ya dobi na fundi nimeiandika kwenye daftari. Swali la mwisho: wageni wanaokwenda Dar nawaelekeza bandarini. Niseme "get in" au "get on the ferry"? Na kwenye taksi je?

Mwalimu_wa_Jioni:
Boti ni "get on", na kushuka ni "get off". Vivyo hivyo basi, treni na ndege, vyombo ambavyo mtu akishapanda anaweza kusimama na kutembea ndani. Baiskeli na pikipiki nazo zimo humo, kwa kuwa unakaa juu yake. Taksi na gari dogo unainama kuingia: "get in", na kutoka "get out". Kwa hiyo mwambie mgeni: "Get in the taxi at nine, get out at the port, then get on the ferry."

Ila "at nine" kwa mgeni ni saa tatu yetu. Hakikisha dereva naye amepewa saa hiyo hiyo.