Mrejesho: wadudu kwenye vikapu vya makumbusho, Bukavu

Aksanti sana wakubwa. Niliuliza namna ya kuua bila dawa wadudu wanaotoboa vikapu na vigoda vya makumbusho ya mtaa, tunapofanya kazi ya likizo. Tulifuata ushauri wa friza: mfuko wa plastiki uliotolewa hewa na kufungwa kwa skochi, nyuzi −20, siku 14, kisha saa 24 nje kabla ya kuufungua, la sivyo umande unashika kitu badala ya mfuko. Vikapu 9 vimepona. Karatasi nyeusi chini yake haina unga mpya unaodondoka wadudu wakitoboa. Vigoda 2 bado vinamwaga unga huo: umeme ulikatika siku ya tatu, na mti mnene huchelewa kupoa. Vimerudishwa, siku zinahesabiwa upya. Kinyago chenye rangi inayobanduka hatukukigandisha.