Ushauri: Tempo inanikimbia kwenye dramu na Pasaka inakaribia, nifanyeje?

Mkono_Kushoto
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa wapiga dramu.

Najifunza kwa mwalimu binafsi hapa Dar, kila Jumamosi asubuhi, somo la muda wa saa moja, elfu ishirini kwa somo. Nyumbani sina dramu. Nina fimbo, pedi ya mazoezi na pedali moja ya mtumba, na nafanya mazoezi karibu kila siku nikitoka kazini. Mikono imefunguka: mapigo ya moja moja, ya mbili mbili na paradidili (mchanganyiko wa hayo mawili) nayapiga bila kuangalia. Shida ni tempo, yaani kasi ya wimbo. Wimbo wa taratibu nauanza vizuri, nikiingiza roli tu (yale mapigo ya haraka ya kujazia), narudi nikiwa nimeshakimbia. Kwenye mazoezi ya kwaya mwalimu huniachia kiti nyimbo mbili tatu, na tukifika kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezesha, waimbaji wanabaki kuhema.

Nataka niwe imara kabla ya Pasaka. Niongeze masomo yawe mawili kwa wiki? Nitafute mwalimu wa pili? Jambo hili linaninyima usingizi.

Babu_wa_Keko
Sisi tumekua tukimsikia mzee Morris Nyunyusa kabla ya taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Mtu asiyeona, kazungukwa na ngoma tele, anazipiga zote peke yake na hakuna inayomponyoka. Na bendi zetu hazikujiita Msondo na Sikinde kwa bahati mbaya, hayo ni majina ya ngoma za wazee wetu. Vijana wa siku hizi mnataka mwalimu wa pili kabla hamjammaliza wa kwanza. Tulieni.

Fundi_Mwenge
Kaka, pakua metronomu kwenye simu, ile programu inayolia kuhesabu mapigo, zipo za bure. Weka mapigo 60 kwa dakika. Piga mdundo wa kawaida mara tatu, mara ya nne piga roli, halafu rudi kwenye pigo la kwanza. Ukijikuta unalisubiri pigo, umewahi. Usipande mpaka 65 kabla 60 haijakaa. Halafu jirekodi kwa simu usikilize kesho yake, siyo muda uleule, maana muda uleule sikio linakutetea.

Masomo mawili kwa wiki hayatibu tempo. Tempo inatengenezwa nyumbani.

Mkono_Kushoto
Asante sana, naanza leo. Ila mimi ni dada.

Mtumishi_wa_Shamba
Dada yangu katika Bwana, kuna huduma nyingi kanisani: kuimba, kufundisha watoto, kupamba madhabahu. Ile ngoma ya mguu inataka kukaa mkao ambao, samahani kusema, haumfai mama wa kanisa. Liombee jambo hili kwanza.

Mgogo_Halisi
Mtumishi, karibu Dodoma. Muheme, ngoma yetu Wagogo, wanapiga wanawake. Wanaziweka ngoma katikati ya mapaja, wamekaza, na kijiji kizima kinacheza, mimi nimelelewa humo. Bibi yangu alikuwa kiongozi, akinyanyua mkono ngoma zote zinanyamaza kwa mara moja. Na Miriamu alishika nini baada ya kuvuka bahari? Soma Kutoka 15. Dada, kaa kwenye kiti chako upige.

Mtumishi_wa_Shamba
Tari siyo dramu.

Zena_wa_Unguja
Yarabi, mshafika kwenye mapaja. Dada, mie nilisoma dumbaki na rika (ngoma na tari za taarabu) pale chuo cha muziki cha DCMA, kipo hapa Unguja tangu 2002. Mwalimu wetu hakukubali mtu aguse ngoma mpaka mdundo autamke kwa mdomo, dum na tak, huku anatembea ukumbini. Nilimuona mkorofi wakati ule. Sasa nawafundisha watoto wangu hivyohivyo. Jaribu sebene yako kwa mdomo ukiwa jikoni, ukishindwa kuitamka bila kukimbia basi shida haiko mkononi.

Sista_Zamu_ya_Usiku
Mimi ni muuguzi, nitasema la masikio tu. Kazini kikomo kinachoshauriwa ni desibeli 85 kwa saa nane, na dramu kwenye chumba kidogo zinapita 100. Weka vizibo vya masikio. Mlio unaobaki masikioni baada ya ibada siyo upako, ni masikio yanaumia.

Koti_la_Mzee
Mbona hakuna anayeuliza? Mwanafunzi hajiwekei tarehe. Hiyo Pasaka kakupangia nani?

Mkono_Kushoto
Ni huduma tu mkuu, kwaya ina nyimbo mpya.

Koti_la_Mzee
Kwaya ina mpigaji, ndiye anayekuachia kiti nyimbo mbili tatu. Yeye Pasaka atakuwa wapi?

Kinanda_cha_Tatu
Swali zuri. Dada jibu.

Mkono_Kushoto
Sawa. Sikutaka kuliweka kwa sababu najua mtakavyolipokea.

Mwalimu wangu ndiye mpiga dramu wa kanisa letu. Wazee wa kanisa waliniita wakaniambia kuanzia Pasaka nafasi ni yangu. Wamechoka kumlipa nauli, na kuna mtu kawapelekea habari kwamba Ijumaa na Jumamosi anapiga na bendi baa. Wamesema watamwambia wenyewe muda ukifika. Mpaka leo hajaambiwa.

Nilishakubali. Nimepewa na ufunguo, Jumatano jioni naingia kufanya mazoezi kwenye dramu zenyewe.

Kabla hamjanihukumu: nisipokubali mimi watamleta mtu kutoka nje. Mimi angalau namheshimu. Na simfanyii dhuluma, ada yake namlipa kila somo, hajawahi kunidai.

Kinanda_cha_Tatu
Unamlipa akufundishe nyimbo gani?

Mkono_Kushoto
Za Pasaka.

Kinanda_cha_Tatu
Basi nikusimulie yangu. Nilimfundisha kijana kinanda bure, sebuleni kwangu, mke wangu akimpikia. Jumapili moja nafika kanisani namkuta amekaa kwenye kiti changu, kavaa sare mpya. Hakuna aliyenisemesha. Mchungaji akanipa mkono kama mgeni. Kiti wala hakikuniuma, kiti ni cha kanisa. Kilichoniuma ni kwamba wiki nzima ile kijana alikuwa kwangu, ananiuliza kodi (zile sauti za kubonyeza pamoja) za wimbo uleule, nami namsahihisha vidole. Mpaka leo sijafundisha mtu mwingine. Wamekuja wengi, nawaambia sina muda, na muda ninao.

Babu_wa_Keko
Pole sana ndugu yangu.

Mtumishi_wa_Shamba
Lakini wazee wana hoja. Mtu hawezi kulala baa akaamkia madhabahuni.

Fundi_Mwenge
Mtumishi, halali, anafanya kazi. Kanisa likimpa nauli tu atakula nini? Mimi nimepiga hoteli miaka, Jumapili nipo kwaya. Wapiga ala wengi mnaowasikia kwenye ibada wanaishi hivyo, msijifanye hamjui.

Kipara_Ngumu
Wakuu, hii ni chai. Mwanzoni dada kasema nyumbani hana dramu, ana pedi. Nimepekua, kwenye uzi mwingine alilalamika majirani wamemshtaki kwa mwenye nyumba kwa kelele za ngoma. Pedi ya mpira inapiga kelele gani? Na wazee gani wanampa kiti mtu ambaye hawezi kushika tempo? Huyu ni mtunzi, anasubiri tumwandikie mwisho wa hadithi.

Shemeji_Lao
Chai ya tangawizi hii, nami nilishaanza kulia na yule wa kinanda.

Mkono_Kushoto
Majirani ni kweli, na ni mmoja, anakaa chini yangu. Naishi ghorofa ya pili. Pedali nimeielekeza kwenye tairi la bajaji lililokwisha, nimelisimamisha ukutani na kulifunga kwa mpira lisiteleze. Nyundo ya pedali haitoi sauti. Kinachosikika chini ni kisigino changu, kwa sababu bado nakanyaga kwa mguu mzima. Sasa nimeweka godoro la mtoto chini ya miguu.

Wazee hawajui tempo ni nini. Wanaona dada mdogo wa kanisa asiyedai nauli.

Kipara_Ngumu
Tairi unaweza kulitunga pia. Tuambie kwenye sebene mikono inafanya nini. Usikimbilie kutafuta mtandaoni.

Mkono_Kushoto
Mguu wa kulia unatembea kila pigo, moja mbili tatu nne, haupumziki. Mkono wa kulia uko kwenye haihati, yale matoazi mawili ya pedali. Mkono wa kushoto kwenye snea, ngoma ndogo ya mbele yangu, ndio unaoongea: mapigo matatu yaliyoachana, halafu mawili ya karibu, kisha unazunguka tena. Matatu yananikalia vizuri. Baada ya la tatu kuna ukimya mrefu, na hapo ndipo ninapoharibu. Siwezi kuungoja. Nawahisha yale mawili, mguu unaufuata mkono, kwaya nzima inanifuata mimi.

Fundi_Mwenge
Huyu anapiga. Mtunzi angekueleza mapigo, asingekueleza ule ukimya. Ugonjwa huo kila aliyekaa kwenye sebene anaujua.

Dada, sasa nimekuelewa, dawa ni nyingine. Mkono wa kushoto uache kabisa kwa muda. Piga mguu na haihati tu, na yale mapigo matano uyatamke kwa mdomo kama alivyosema Zena. Kwenye ukimya sema "ngoja" kwa sauti. Hilo neno lina urefu wake, likiisha ndipo mawili yanaingia. Likikaa, rudisha snea kwa sauti ya chini, uendelee kusema "ngoja". Mwisho punguza metronomu ilie mara moja tu kwa kila mapigo manne, hapo utajua kama unatunza muda au unakokotwa na simu. Na kisigino kiinue, uzito uwe kwenye nyayo za mbele.

Kipara_Ngumu
Sawa, la dramu nimekubali. Lakini aliyekufundisha kulisema hivyo ni nani?

Mkono_Kushoto
Ni yeye. Alinishika bega kila ukimya ulipofika, akanikandamiza nisisogee.

Kinanda_cha_Tatu
Na hujamwambia.

Mkono_Kushoto
Wazee walisema nisiseme. Nikisema mimi itaonekana nimevujisha kikao.

Mgogo_Halisi
Dada, nilikutetea na nitaendelea kukutetea kupiga. Hili siwezi. Wazee wanakutumia wewe ili wasimtazame usoni. Wakimaliza naye watakuja kwako, siku utakayohitaji nauli.

Zena_wa_Unguja
Kweli kabisa. Na huo ufunguo warudishie, usijifungie kanisani gizani kama mwizi. Fanya mazoezi mchana, yeye yupo.

Mtumishi_wa_Shamba
Naungana nao katika hili. Mwambie. Wazee nao niliwatetea haraka.

Mkono_Kushoto
Nafasi nimeshaikubali na nitaipiga Pasaka, hilo sirudi nyuma. Nimeitafuta kwa jasho langu. Ila kesho saa nne nina somo. Nitamwambia kabla hatujakaa, na ada ya kesho nitampa hata akinifukuza.

Koti_la_Mzee
Akikuuliza ni mzee gani aliyekuita, utamtaja?

Mkono_Kushoto
Nitawataja wote watatu.

Fundi_Mwenge
Akikufukuza, njoo inboksi, Jumapili jioni nipo Mwenge. Asipokufukuza, baki kwake, mimi sina cha kukuongezea juu ya huyo.