Vanishi imewageuza askari wangu weupe kama wamemwagiwa unga, na ukuta wa nyumba umeyeyuka. Msaada wakuu

KuchiWaChumbageni

Wakuu, habari za jioni. Sijui kama humu kuna watu wa mambo haya, ila najaribu, maana mke wangu ameshachoka kunisikiliza.

Kwa wasiojua: kuna michezo ya vita inayochezwa mezani, si kwenye simu. Unakuwa na vijisanamu vya plastiki vya urefu wa kidole gumba, unavipaka rangi mwenyewe, mnapima mwendo kwa futi kamba, inchi 6 huku, inchi 4 kule, mnarusha dadu, aliyekufa anatolewa mezani. Mimi nina jeshi la mifupa inayotembea, askari 20, nililetewa na binamu yangu kutoka Uingereza. Mpinzani wangu ni mwanangu wa darasa la sita. Yeye ana mazimwi, na hana huruma na baba yake.

Hao 20 nimewapaka wiki saba, usiku nikishafunga duka. Kwanza rangi ya mfupa. Juu yake kahawia niliyoizimua kwa maji mpaka ikawa kama chai ya rangi, ikajipenyeza yenyewe katikati ya mbavu na kwenye matundu ya macho. Kisha brashi iliyofutwa mpaka karibu kukauka, nikaipitisha juu juu na rangi ya maziwa ili fuvu na magoti yatokeze. Hata kutu ya mapanga niliitia, kwa kipande cha sifongo ya kuoshea vyombo.

Jumamosi nikapata kopo la vanishi ya kupuliza, ile isiyong'aa. Nikawapanga juu ya boksi uani. Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa hivi. Nikapuliza, nikaenda kuswali magharibi. Narudi, nakuta jeshi zima limelala kwenye ghala la unga! Kutu haionekani, macho hayaonekani.

La pili. Najenga nyumba ya mawe, mfano wa zile za zamani za Pangani, kwa lile povu jeupe linalokuja na televisheni. Nimechonga baraza, madirisha, mlango. Nikaona nimalizie kopo la rangi nyeusi ya kupuliza kama koti la kwanza. Ukuta ukaanza kuchemka, sitanii, ukanywea mbele ya macho yangu, ukabaki na matundu kama sega la nyuki.

Je, askari wanapona? Na vipimo vya nyumba mnavipataje? Mlango wangu askari anaingia ameinama.

BabuNgamiani

Mkuu, mifupa kuwa myeupe ndiyo rangi yake. Tatizo liko wapi?

KuchiWaChumbageni

Babu, shikamoo. Leo sina hali ya utani.

FundiGerezani

Hayo masanamu mimi siyajui, napuliza magari. Lakini hiyo ya kugeuka nyeupe naijua tangu nikiwa saidia fundi. Umepuliza kwenye hewa yenye maji. Thina na gesi ya kopo vikiruka vinaondoka na joto, uso unapoa, unyevu wa hewani unatua juu yake kama maji yanavyotua nje ya chupa ya soda ya baridi. Vanishi inakauka na ule unyevu umenaswa ndani. Sisi masika tunachanganya thina inayochelewa kukauka ili maji yapate muda wa kutoka, ila kwenye kopo huwezi kuongeza kitu. Mvua ikikatika usikimbilie kupuliza. Subiri jua liwe limekaa vizuri, saa nne saa tano asubuhi. Tikisa kopo dakika mbili kamili, simama sentimita 25 hivi, pitisha haraka haraka, usimwage.

Rangi yako iko hai huko chini. USIKWANGUE NA MSASA.

Povu lako limeliwa na thina iliyomo kwenye kopo. Hata petroli inalila.

MamaKashata

Pamba na mafuta ya nazi. Meza yangu ikipata alama nyeupe ya sufuria ya moto huwa naitoa hivyo hivyo.

BabuNgamiani

Akimaliza awakaange kabisa.

Mswahili_Leicester

Mama Kashata msimcheke, ana hoja. Huo weupe mara nyingi ni vanishi iliyokauka na vishimo vidogo vidogo vinavyotawanya mwanga, na mafuta yanavijaza. Huku wapo wanaotumia ya zeituni. Shida yake mafuta hayakauki haraka, vumbi linakaa, na koti lingine halishiki juu yake.

Mimi niko Leicester. Nottingham kwa treni ni kama nusu saa, na huko ndiko makao makuu ya Games Workshop, kampuni yenye Warhammer, mchezo wa mezani kama huu wako, kwa hiyo ugonjwa huu nimeupatia karibu na chimbuko lake. Nilishaharibu farasi wanane, na hapa si Tanga, ilikuwa Novemba, baridi na ukungu. Kilichoniponyesha ni vanishi INAYONG'AA, ya maji, kwa brashi. Inaingia kwenye vishimo vile vile, halafu inakauka ngumu. Mjaribu mmoja kwanza, yule usiyempenda. Akipona, wapake wote, waache usiku kucha, ndipo uweke isiyong'aa juu, nayo kwa brashi. Kopo mpe fundi wa magari.

Nyumba: povu ulifunike kwanza. Gundi nyeupe ya seremala ichanganye na rangi ya maji ya ukutani, nyeusi, paka makoti mawili, kila tundu lizibwe. Hapo hata matone ya kopo yakiruka hayana pa kuingilia. Na siku nyingine povu likichemka toka hapo, moshi wake si wa kuvuta.

Vipimo: askari wa milimita 28 tunamhesabia kama 1 kwa 56. Mtu wa mita 1.7 anakuwa sentimita 3. Lakini usisahau amesimama juu ya kitako, kile kisahani cha plastiki chini ya miguu yake, ongeza milimita 3 au 4. Mlango wa mita 2 ukiufuata kihesabu utapata milimita 36, na mwenye kofia au mkuki ataugonga. Fanya 40.

MkaaShangani

Kaka Kuchi, hapo kwenye nyumba ya mawe nikukumbushe kitu. Chumba cha nyumba hizi upana wake unaamuliwa na boriti za mkoko zilizobeba dari. Boriti haivuki zaidi ya mita mbili na nusu, tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kama ushoroba. Chukua mita 2.8, gawa kwa 56, unapata sentimita 5. Kitako cha askari wako kama ni milimita 25, watasimama wawili bega kwa bega, wa tatu hana nafasi. Kwa hiyo dari lako liwe la kufunua, la sivyo vidole havitaingia. Ukuta wa nusu mita unakuwa milimita 9. Boriti tumia vijiti vya mshikaki, vipake kahawia iliyoiva, viache vinachungulia kidogo.

Na huo ukuta ulioliwa usiutupe! Ulishaona gofu lililobanduka chokaa, mawe ya matumbawe yakabaki wazi? Yamejaa matundu hivyo hivyo.

KuchiWaChumbageni

Wakuu, narudi na majibu.

Vanishi ya maji niliagiza Dar, ikaja na basi. Nilianza na yule aliyevunjika mkono. Brashi ilipopita kifuani, weupe ukaondoka hapo hapo, kama unafuta kioo chenye mvuke. Mbavu zikarudi, kutu ikarudi. Nilimwita mke wangu saa tano usiku aje aone, akasema "hongera" akiwa amefumba macho. Kumi na saba wamepona kabisa. Watatu wana weupe kwapani, nimewapanga nyuma. Kwa sasa wote wanang'aa, mwanangu anawaita dagaa wa kukaanga. Isiyong'aa nitaipaka wiki ijayo.

MkaaShangani, Mungu akuweke. Ule ukuta nimeupaka gundi na nyeusi, nikaweka kijivu, kisha brashi kavu yenye rangi ya chokaa. Matundu yamegeuka matumbawe. Upande wa pili wa nyumba nimechonga kwa kalamu na mkono wangu mwenyewe siku tatu, na haufikii ule ulioharibika hata robo. Imeniuma kidogo.

Chumba ni sentimita 5 kama ulivyosema, dari linafunuka. Mlango nimeufanya milimita 42 kwenda juu na 22 kwa upana, vitako vya mifupa yangu vya mviringo wa milimita 20 vinapita bila shida. Zimwi la mwanangu lina kitako cha 32. Hajapima bado, na mimi sijamwambia.