Jina la Daftarini: Shamba la Muheza

Salimu (saa 1:10 asubuhi): Assalaam alaykum nyote. Afisa ugani amenipigia simu kwamba uhakiki wa daftari la wakulima pale kijijini unafungwa Ijumaa, na asiyekuwemo hatapata mbolea ya ruzuku. Shamba letu linahitaji jina moja tu, nami napendekeza liwe langu, kwa kuwa hati ya marehemu baba ninayo mimi. Naomba kila mmoja ajibu kabla ya adhuhuri.

Salimu (saa 3:40): Watu kumi na wanne wamesoma na hakuna aliyejibu. Zuberi, wewe uliyekuwa Marekani wakati wa korona, waeleze wenzako: zile fedha za serikali za kuwafidia wakulima walilipwa wenye ardhi au wenye jembe?

Zuberi (saa 5:25): Waalaykumu salaam, kaka. Shikamoo, Bibi. Kule Wisconsin nilikuwa mkamuaji katika shamba la ng'ombe wa maziwa. Aprili 2020, shule na mikahawa ilipofungwa, maziwa yalikosa wanunuzi na wafugaji wengi wakayamwaga. Mwezi huohuo serikali ikatangaza mpango wa dola bilioni 19: bilioni 16 za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja, na 3 za kununua vyakula vya kugawiwa wenye shida. Fomu zilianza kupokewa Mei 26 katika ofisi za kilimo za kaunti, na mtu mmoja hakuweza kupata zaidi ya dola 250,000. Ama mwenye ardhi aliyeikodisha kwa fedha taslimu, huyo hakuhesabiwa, kwa sababu kodi yake anaipata mazao yauzwe yasiuzwe. Alilipwa yule ambaye hasara ilikuwa yake.

Idi (saa 5:31): Mimi nina kuku saba ambao mwaka ule walitaga kwa kusitasita kwa hofu ya korona. Niulizie kama fomu bado zinapokewa.

Rehema (saa 5:33): Kuku watano kati ya hao ni wa mama, usiwajazie fomu.

Salimu (saa 5:40): Tuache mzaha, tuna siku tatu tu. Zuberi, wewe mkamuaji ulilipwa?

Zuberi (saa 5:52): Katika mpango huo sikupata hata senti, kaka. Alilipwa tajiri wangu, kwanza asilimia 80 ya stahili yake, na salio likafuata baadaye. Mimi nilikuwa mtu wa mshahara.

Salimu (saa 5:54): Mmesikia wenyewe. Athumani analitunza shamba kama Zuberi alivyokamua ng'ombe wa watu.

Athumani (saa 1:20 usiku): Nimetoka shambani sasa hivi ndipo nikasoma. Zuberi alikuwa na mshahara. Naomba mtu anitajie wangu. Mei 2020, malori yalipokwama Horohoro, mpakani na Kenya, na machungwa yakatuozea, dawa nilikuwa nimeikopa mimi, vibarua wa kuchuma nimewalipa mimi, na deni lile nimelimaliza mwaka juzi. Kaka Salimu, nilipokuomba laki mbili uliniambia kwamba shamba ni langu, nijitegemee.

Salimu (saa 1:26): Hilo tulilizungumza kwenye arobaini ya baba na likaisha.

Rehema (saa 1:27): Halikuisha, kaka. Uliondoka kabla ya chakula kupakuliwa.

Idi (saa 1:58): Bibi amesomewa ujumbe wote na ameniamuru niandike maneno yake kama alivyoyatamka: "Salimu, nilimwona Athumani akizika machungwa kwa koleo siku tatu. Wewe hukuja hata kuyanusa. Hati ikae kwako, daftarini aandikwe aliyezika."

Salimu (saa 3:05): Shikamoo, Bibi, nimekusikia. Nitakuja Alhamisi na fomu, ila naomba jina langu liandikwe pembeni kama msimamizi. Athumani, uje na kitambulisho cha taifa.

Athumani (saa 3:41): Kitambulisho ninacho. Hilo la pembeni tutalizungumza mbele ya mtendaji.

Shangazi Mwanahamisi (saa 12:15 asubuhi): Samahanini, sikuwa na bando. Ijumaa ndiyo uhakiki au ndiyo kikao? Na mbolea yenyewe tutagawana vipi?