Tupeane uzoefu: Kurudisha rangi iliyopauka ya pikapu au lori kuukuu ukiwa nyumbani

Mleta mada (Tanga)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nimefungua mada hii ili sisi tunaomiliki pikapu na malori ya siku nyingi tuelezane, kila mmoja kwa gari lake mwenyewe, namna alivyohangaika na rangi iliyopauka kabla ya kufikia hatua ya kupiga rangi upya. Naomba anayechangia ataje gari, rangi yake, alichotumia na mahali palipomharibikia, kwa sababu habari za mafanikio peke yake hazimsaidii mtu ambaye bado hajashika kitambaa.

Naanza na langu. Ni Hilux ya mwaka 1994, kabini moja, nyekundu, niliyoachiwa na marehemu baba. Kwa miaka mingi imelala nje, karibu na bahari, hata boneti na paa vikawa na rangi ya waridi iliyochanganyika na weupe wa chaki, na ukiegemea ukiwa na shati jeupe unaondoka na unga mwekundu mgongoni. Fundi wa kwanza niliyemwonyesha alisema hakuna dawa isipokuwa kukwangua gari zima na kupiga rangi upya, kwa bei ambayo ingenitosha kununua matairi manne na betri, chenji ikabaki.

Kilichonipa moyo ni fremu ya mlango. Nilipoufungua mlango wa dereva na kupangusa vumbi, nikaona kwamba mahali jua lisipofika wekundu ulikuwa bado mbichi kabisa. Nikaliosha gari kwa sabuni, nikalisogeza chini ya mwembe, nikachagua eneo lenye ukubwa wa kigae kimoja kwenye mlango wa nyuma wa bodi, nikaanza kusugua kwa kompaundi laini, yaani dawa nzito yenye chembe za kusugulia rangi, na kitambaa cha pamba. Hazikupita dakika mbili kitambaa kikawa chekundu kama kilichochujiwa juisi ya rosela. Niliogopa nikaacha, nikidhani nimeimaliza rangi. Lakini nilipofuta lile eneo kwa kitambaa kikavu, nikauona uso wangu ndani yake, jambo ambalo gari lile halikuwa limenifanyia tangu nikiwa shuleni.

Kazi nzima ilinichukua Jumamosi tatu: ya kwanza boneti na paa, ya pili milango na madigadi, ya tatu bodi na kupaka waksi. Makosa yangu yalikuwa mawili. Kwanza, nilisugua mfululizo juu ya ule mkunjo mkali unaopita kwenye boneti, na ghafla ukatokea mstari wa kijivu wenye urefu wa kidole. Hiyo ilikuwa praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia ile ya juu, na mpaka leo ipo, nimeifunika kwa brashi ndogo ya kuchorea. Pili, sikufunika plastiki nyeusi za vioo vya pembeni, kompaundi ikaingia ndani ya vinyweleo vyake na kukauka ikiwa nyeupe, nikatumia jioni nzima na mswaki wa zamani na maji ya sabuni kuitoa.

Fundi rangi (Dodoma)

Mleta mada, kile kitambaa chekundu kilichokutisha ndicho kipimo ambacho sisi mafundi tunakitegemea. Rangi za magari, kwa ufupi, ni za namna mbili. Kuna rangi ya koti moja, ambayo wekundu wenyewe ndio uso wa juu, na kuna rangi inayofunikwa kwa klia, yaani tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'ao na kuilinda ile ya chini. Jua linapoichoma rangi ya koti moja, ile gundi inayoshika chembechembe za rangi huvunjika na chembechembe zikabaki juu zikiwa unga, lakini chini ya unga huo mara nyingi rangi nzima ipo. Kwa hiyo kitambaa kikitoka na rangi ya gari, shukuru, kwa maana gari hilo linaweza kurudishwa kwa mkono.

Kitambaa kikitoka na uchafu tu, basi una klia, na hapo kila kitu kinategemea hali yake. Klia iliyofifia tu na kujaa mikwaruzo hung'arishika. Klia iliyoanza kubanduka haina polishi inayoirudisha, kwa kuwa huwezi kung'arisha kitu ambacho hakipo tena. Wengi hudanganywa na maji: ukimwagia maji boneti iliyobanduka inaonekana nzuri kwa dakika kadhaa, nao hudhani kuna dawa ya kuibakisha hivyo.

Kuhusu ule mstari wa kijivu, elewa kwamba rangi yote ya kiwandani, pamoja na praima yake, ina unene wa takriban maikroni 100 hadi 150, yaani inakaribia karatasi moja au moja na nusu ya kuchapia. Kwenye kona na mikunjo rangi huwa nyembamba zaidi kwa sababu ilipopulizwa, kabla haijakauka, ilijivuta kutoka kwenye kona hizo. Mimi hubandika tepu ya karatasi juu ya mikunjo yote kabla sijaanza, nikaiondoa mwishoni na kupitisha mkono mara mbili tatu tu, kwa wepesi.

Mwenye Isuzu (Nakuru)

Maelezo ya fundi yangeniokoa mwaka mzima kama ningeyasoma mapema. Pikapu yangu ni ya kijani chenye chembe za kumetameta, na sasa nafahamu kwamba rangi za namna hiyo karibu zote zina klia. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua letu, ingawa hewa ni baridi, haliiachi klia salama. Kwenye boneti ilianza kama kidoa kilichopauka chenye ukubwa wa sarafu, kikapanuka, kingo zake zikainuka kama magamba ya samaki.

Mimi, kwa ukaidi, nilinunua msasa wa maji namba 1500 na namba 2000, nikalainisha zile kingo mpaka hazikusikika tena kwa kidole, nikapaka kompaundi, nikapaka waksi, nikapiga na picha. Baada ya majuma machache kingo mpya ziliinuka nje kidogo ya zile nilizozisawazisha, kwa sababu klia iliyozunguka kidoa nayo ilikuwa imekwisha kuachana na rangi ya chini, ila tu haikuwa imefunguka. Hatimaye nilimlipa fundi akapiga boneti peke yake, rangi na klia, na milango na madigadi nikavifanya mwenyewe kwa mkono kwa kuwa klia yake ilikuwa bado imeshika. Ukisimama karibu utaiona tofauti ya boneti mpya na madigadi ya zamani, lakini mimi mwenye gari nimeridhika nayo.

Mwenye Canter (Mwanza)

Lori langu ni jeupe, na weupe una udanganyifu wake, kwani haukuonyeshi kwamba umepauka mpaka uguse na kuona chaki mkononi. Kwa miaka kijana wangu alikuwa akilifuta kwa kitambaa chenye dizeli kila asubuhi ya safari ili ling'ae. Lilikuwa linang'aa kweli hadi kituo cha kwanza cha vumbi, kisha vumbi lote la barabara likawa linashikamana na yale mafuta, na tulipokuwa tukilifuta tena tulikuwa tunalipiga msasa bila kujua. Nilipoanza kazi ya kompaundi, sehemu kubwa ya jasho langu iliishia katika kuosha mafuta hayo tu, mara tatu kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu.

Jambo ambalo sijaona mtu akilitaja ni maandishi. Mwenye lori aliyenitangulia alikuwa amebandika stika za jina la biashara yake kwenye milango. Nilizilainisha kwa kuzimwagia maji ya moto polepole, nikazibandua kwa ukucha na kadi ya plastiki, gundi iliyobaki nikaitoa kwa mafuta ya taa. Stika ziliondoka zote, lakini jina lilibaki. Herufi zilisomeka wazi, laini na zenye kung'aa katikati ya mlango uliochakaa, kwa sababu chini ya stika rangi haikuwa imepata jua. Nilisugua mlango mzima, nikiyaongezea nguvu maeneo yaliyo nje ya herufi, na mchana hakuna anayeona kitu. Jua likiwa linazama upande wa ziwa, hata hivyo, lile jina hujitokeza tena, na wapo wateja wanaoniita kwa jina la mtu nisiyemfahamu.

Mwanajamvi (Maskati)

Nachangia kwa ufupi. Huku kwetu wakati wa kiangazi bati la gari lililosimama juani haliguswi kwa kiganja, na kompaundi ukiipaka hapo inakauka kabla hujaisugua, ikaacha mabaka magumu kuondoa kuliko tatizo uliloanza nalo. Land Cruiser yangu ya pikapu, ya rangi ya mchanga, niliifanya yote usiku, baada ya sala ya isha, kwa taa ya mkononi niliyoilaza ubavuni ili mwanga upite juu ya bati na kuonyesha mikwaruzo. Ukiweka kiganja juu ya boneti na usitamani kukiondoa, hapo ndipo uanze.

Msomaji mgeni (Morogoro)

Ahsanteni nyote. Nina Isuzu ya buluu ya miaka ya tisini na nina grainda, ile mashine ya kusaga na kukatia vyuma, nyumbani. Je, nikiifunga sponji haitafaa kuharakisha kazi?

Fundi rangi (Dodoma)

Tafadhali usifanye hivyo. Grainda ndogo ya kawaida huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya kung'arishia hufanya kazi nzuri kati ya mizunguko 1,000 na 2,000. Sponji itachanika, na kabla haijachanika itakuwa imeunguza rangi hadi bati. Kama huna mashine yenyewe, tumia mkono: eneo dogo kwa wakati mmoja, mistari iliyonyooka kwenda na kurudi kisha kukatisha, na ugeuze kitambaa kila kinapojaa rangi, kwani unga ukiurudisha juu ya bati utaikwaruza rangi upya. Ukimaliza usiache bila waksi, maana rangi uliyoifungua haina kinga yoyote, na gari linalolala nje lipakwe tena kila baada ya miezi miwili au mitatu. Na ukishindwa, ukaamua kupiga rangi nyingine tofauti na buluu, kumbuka kadi ya gari nayo ibadilishwe.

Mleta mada (Tanga)

Naunga mkono suala la waksi. Mwaka wa kwanza niliacha miezi saba ikapita, na paa ndilo lililoanza tena kutoa unga. Mgeni wa Morogoro, fanya kwanza jaribio la kitambaa utuambie.

Msomaji mgeni (Morogoro)

Nimejaribu jioni hii chini ya kifuniko cha tangi la mafuta, mahali ambapo hata nikikosea hapaonekani. Nilitumia fulana ya zamani nyeupe. Imetoka ya buluu, na vidole vitatu nilivyosugulia vyote ni vya buluu. Grainda nimeirudisha stoo, na Jumamosi naanza na paa.