Mama anamwambia daktari "niko sawa", nyumbani ni mimi ninayemwogesha

Binti wa Umoja: Habari zenu. Mama ana saratani ya matiti iliyofika kwenye mifupa. Kliniki akiulizwa hali, anajibu "niko sawa, mwanangu." Hapa nyumbani hata leso namfunga mimi, na chai anainywa akiegemea mito. Kwenye faili wameandika ECOG 1. Hiyo ni nini? Na nitasemaje bila kumvunjia heshima?

Nesi wa Tiba Shufaa: Pole sana, dadangu. ECOG hupima mtu anajimudu kiasi gani. 0 anafanya yote kama zamani, 1 anatembea na kufanya kazi nyepesi, 4 hatoki kitandani au kitini kabisa. Angalia hapa: 3 ni yule anayejihudumia kidogo tu, na zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho yuko kitandani au kitini. Madaktari huitazama namba hii wakiamua kuhusu kemo (dawa kali za kuua saratani), kwa hivyo ikikosewa anayeumia ni mama. Usiseme "amechoka." Sema "tangu Jumatatu hajafika chooni bila kushikwa." Taja maumivu pia, wengine wakipata dawa ya kutosha huinuka.

Kijana wa Kawangware: Muombe ruhusa usiku wa kuamkia kliniki. Mzee wangu alikataa nizungumze mbele yake, lakini akakubali nimpe daktari karatasi.

Binti wa Umoja: Asanteni. Nesi, anaamka saa mbili, saa nne amelala tena mpaka adhuhuri. Naandika hivyo hivyo. Ruhusa nitamuomba leo nikimkanda miguu.